Baba amepigwa CT ya kifua mara tatu: namba za mionzi zinasema nini?

Swali: Shikamoo. Naishi Sakina, Arusha. Baba yangu ana miaka 63. Alichimba tanzanite Mererani kwa zaidi ya miaka ishirini na sasa ameambiwa ana silikosisi, yaani mapafu yameharibiwa na vumbi la mwamba. Ndani ya miaka miwili amepigwa CT ya kifua, yaani picha za eksirei za mashine inayozunguka mwili, mara tatu, mbili hapa Arusha na moja Moshi. Kwenye CD zake nimekuta ukurasa wenye maandishi CTDIvol na DLP, nimekutumia picha zake. DLP ya kwanza ni 1,012, ya pili 324, ya tatu 102. Kifua ni kile kile, mbona namba zinapishana mara kumi? Rafiki yangu anayesomea uuguzi amepiga hesabu akasema jumla ya mionzi ni milisiveti 20, na kwamba hicho ndicho kiwango cha mwisho cha mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka. Je, baba amezidishiwa? Na mbona hakuvalishwa aproni ya risasi? Mwezi ujao daktari anataka kipimo kingine, naogopa kumpeleka.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mpe baba pole.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mpeleke. Milisiveti 20 si mstari ambao baba ameuvuka, kwa sababu mstari huo haukuchorwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini swali lako la kwanza ni zito, na nimefurahi kwamba umeufungua ukurasa ule. Watu wengi huirudisha CD kwenye bahasha bila kuuona, na inanisikitisha kusema kwamba hata ndani ya idara za mionzi wengi wetu tunaupita.

Ujue kwanza kwamba hakuna aliyempima baba. Hakuna kifaa kilichobandikwa kifuani mwake. Namba zile asili yake ni silinda ya plastiki. Tunapokagua mashine ya CT tunalaza kitandani silinda ya akriliki yenye kipenyo cha sentimeta 32, ndiyo inayosimama badala ya kiwiliwili. Ya kichwa ina sentimeta 16. Silinda hiyo ina matundu matano, moja katikati na manne pembeni. Tunaingiza chemba nyembamba kama kalamu, urefu wake milimita 100. Mionzi ikipita kwenye hewa iliyomo ndani ya chemba hiyo huzalisha chaji ya umeme, nasi tunaisoma. Tunapiga, tunasoma, tunahamisha chemba kwenda tundu jingine, tunapiga tena. Pembeni husoma juu kuliko katikati, kwa kuwa plastiki humeza sehemu ya mionzi kabla haijafika ndani. Basi tunachukua theluthi moja ya kilichosomwa katikati, tunajumlisha na theluthi mbili za wastani wa pembeni. Hatua ya mwisho ni kuzingatia mwendo wa kitanda: kikikimbia, mizunguko ya mionzi huachana na kila sentimeta ya mwili hupata kidogo, kikienda polepole, mizunguko hupandana. Jibu la hesabu hiyo ndilo CTDIvol, na kipimo chake ni miligrei, yaani kiasi cha mionzi kinachomezwa.

Mashine hujikokotolea namba hiyo kila inapopiga mgonjwa. Kazi yetu na silinda ile ni kuhakikisha kwamba inachokionyesha ndicho inachokitoa. Tofauti ikizidi asilimia 20, fundi huitwa.

Sasa DLP. Nadhani umewahi kuona watu wakipiga dawa kwenye kahawa. CTDIvol ni kiasi cha dawa kilichomwagiwa kila mche. DLP ni dawa yote iliyotoka kwenye bomba tangu mche wa kwanza hadi wa mwisho. Unaipata kwa kuzidisha CTDIvol na urefu wa mwili uliopitiwa, kwa sentimeta. Kwa hiyo ukigawa DLP kwa CTDIvol, unarudi kwenye urefu. Hesabu hiyo ndogo itatuonyesha mambo ambayo hakuna aliyekueleza.

Tazama picha ya kwanza uliyonitumia. Ina mistari miwili, kila mmoja una CTDIvol 11 na DLP 506. Gawa 506 kwa 11, unapata sentimeta 46. Maana yake baba alipitishwa kwenye mashine mara mbili, na kila mara ilianzia shingoni ikashuka hadi tumboni. Mara ya kwanza bila dawa ya mshipa, mara ya pili baada ya kuchomwa dawa inayong'arisha mishipa ya damu. Picha ya pili ina mstari mmoja: CTDIvol 9, DLP 324, urefu sentimeta 36. Ya tatu nayo ina mstari mmoja: CTDIvol 3, DLP 102, urefu sentimeta 34.

Unaona? Ukali wa mionzi kati ya kipimo cha kwanza na cha pili haukutofautiana sana, 11 kwa 9. Kilichoifikisha DLP kwenye elfu moja ni kupita mara mbili na kurefusha eneo. Kipimo cha tatu ndicho kilichofanywa kwa mpangilio wa dozi ndogo kabisa, unaotumika kufuatilia vinundu, yaani vivimbe vidogo mapafuni, au kuchunguza saratani ya mapafu mapema. Kwa kazi hiyo, mtu wa umbo la wastani hutakiwa asizidi miligrei 3, na hapo ndipo baba alipo. Hongera kwa aliyempiga.

Je, kile cha kwanza kilikosewa? Siwezi kumhukumu mwenzangu nikiwa na picha ya ukurasa mmoja tu. Kama daktari alishuku saratani, ana sababu ya kutaka kuona ini na tezi zilizo juu ya figo, na huko ndiko sentimeta kumi za ziada zilikokwenda. Dawa ya mshipa nayo husaidia kutenganisha tezi zilizovimba na mishipa ya damu. Lakini kupita mara mbili kifuani, bila dawa kisha na dawa, ni jambo ambalo mara chache sana lina faida. Kwa silikosisi peke yake, bila dawa inatosha. Kwa uvimbe, na dawa inatosha. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kila kifua kilipigwa mara mbili kwa sababu mpangilio uliokuwa kwenye kompyuta ulisema hivyo, na hakuna aliyekumbuka nani aliuweka wala kwa ajili ya mgonjwa gani. Tulipouondoa, madaktari hawakulalamika hata siku moja. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu ya wale wote waliopita kabla hatujauliza.

Kuna kitu kimoja ambacho ukurasa ule hauonyeshi. Silinda ina sentimeta 32, ila baba kwenye picha ni mtu aliyekonda. Mwili mwembamba hauna nyama ya kuukinga ndani yake, kwa hiyo mionzi ile ile humfikia zaidi. Tangu 2011 wanafizikia tiba wana jedwali la kusahihisha hilo. Unapima upana wa kifua na unene wake kwenye picha, unazidisha, unatafuta kipeuo cha pili. Kwa baba nimepata upana sentimeta 29 na unene 20, yaani kipenyo cha takriban 24. Kwa kipenyo hicho, namba ya skrini huzidishwa kwa karibu 1.5. Miligrei 9 za kipimo cha pili, ndani ya mwili wake, zilikuwa karibu na 14. Mtu mnene hali yake ni kinyume: anapata chini ya kinachoandikwa. Ndiyo maana mashine nzuri isiyopunguza nguvu kwa mtu mwembamba au mtoto inanitia wasiwasi kuliko mashine ya zamani iliyo mikononi mwa radiografa makini, yaani mpiga picha za mionzi.

Rafiki yako hakukosea hesabu. Kwa kifua cha mtu mzima, DLP huzidishwa kwa 0.014 ili kupata makadirio ya milisiveti, kipimo kinachozingatia madhara ya mionzi kwa mwili mzima. Baba alipata takriban 14, kisha 4.5, kisha 1.4. Jumla ni 20. Eksirei ya kawaida ya kifua haifiki hata 0.1, na mionzi ya asili inayotupata sote kutoka angani, ardhini na kwenye hewa tunayovuta ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Hapa kwetu jambo hilo si geni: ukipanda Kilimanjaro ndivyo mionzi ya anga inavyoongezeka, na fosfati ya Minjingu, ile ya njia ya Babati, ina urani kwa asili yake.

Alichokosea ni kuchukua namba ya mfanyakazi akamvika mgonjwa. Mimi navaa beji ya kurekodi mionzi kifuani nikiwa kazini. Inapimwa, na napaswa kubaki chini ya wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa nini? Kwa sababu mionzi inayonipata haininufaishi mwili wangu hata kidogo. Mgonjwa ananufaika. Ukimwekea mpaka, siku moja utamrudisha nyumbani mtu anayetapika damu kwa sababu amemaliza mgawo wake. Badala ya mpaka, mgonjwa analindwa na maswali mawili: je, kipimo hiki kinahitajika, na je, kimefanywa kwa mionzi midogo kadiri inavyotosha kumjibu daktari? La pili ndilo linalonifanya niwe mkali.

Hatari yenyewe ni ipi? Makadirio yanayotumiwa na Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ni nyongeza ya takriban asilimia 5 ya hatari ya kufa kwa saratani kwa kila milisiveti 1,000, kwa watu wa rika zote wakichanganywa. Kwa milisiveti 20 hiyo ni kama mtu mmoja kati ya 1,000. Makadirio hayo ni ya umati, si utabiri wa mtu mmoja, na kwa mwenye miaka 63 huwa chini zaidi, kwani saratani itokanayo na mionzi huchukua miaka mingi kujitokeza. Upande wa pili wa mizani kuna vumbi la silika, ambalo tangu 1997 limewekwa kundi moja na vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu, na ambalo humfungulia mlango kifua kikuu. Kwa mapafu ya mchimbaji wa Mererani, CT iliyoombwa kwa sababu ya wazi ina thamani kuliko inavyodhuru. Angekuwa ni msichana wa miaka 20 mwenye kikohozi cha wiki moja ningeongea tofauti kabisa. Utafiti wa Ngaile na Msaki uliochapishwa 2006, uliopima hospitali nane za Tanzania, ulikuta titi likipata wastani wa takriban miligrei 26 kwenye CT ya kifua. Titi la msichana ni kiungo kinachodhurika upesi sana na mionzi.

Kuhusu aproni. Mionzi ya CT inazunguka kifua pande zote, na inayofika tumboni au nyongani mara nyingi imesafiri ndani ya mwili wenyewe, kwa hiyo kitambaa cha risasi juu ya ngozi hakiizuii. Aproni ikiteleza ikaingia kwenye eneo la picha, inaharibu picha, na mashine yenye kujirekebisha huiona risasi kama mwili mnene ikaongeza mionzi. Kutovalishwa hakukuwa uzembe.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe ya kupunguza, maana hapa ndipo hospitali zinapotofautiana. Kifua ni kiungo cha kipekee: mapafu ni hewa, na kinundu ndani ya hewa huonekana kama punje ya mchele juu ya kitambaa cheusi. Ini ni tofauti. Uvimbe ndani ya ini ni punje ya mchele ndani ya unga wa sembe. Ukipunguza mionzi, picha inaingia chenga. Ukiipunguza nusu, chenga zinaongezeka kama mara 1.4. Kwenye ini chenga hizo zinaficha ugonjwa, kwenye mapafu daktari bado anaona vizuri. Kwa hiyo mtu anayetumia kwa kifua nguvu ile ile anayotumia kwa tumbo anamwaga mionzi bure.

Radiografa ana virekebishi kadhaa mkononi. Mkondo wa umeme unaoingia kwenye mrija wa eksirei: ukiukata nusu, dozi inakatika nusu. Volti: ukitoka kilovolti 120 kwenda 100 kwa mtu mwembamba kama baba, mambo mengine yakibaki vile vile, dozi hushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Mfumo wa kujirekebisha, unaoongeza mkondo kwenye mabega na kuupunguza kwenye mapafu. Programu mpya za kujenga picha, zinazofuta chenga na hivyo kuruhusu mionzi midogo kuliko zamani. Urefu wa eneo, ambao tumeshauona.

Na kuna jambo la mikono ambalo halihitaji hata senti moja, nalo nalitilia mkazo kila ninapofundisha: mlaze mgonjwa katikati. Mfumo wa kujirekebisha huangalia picha ya kwanza ya kupimia, tunayoiita skauti, ndipo unaamua mkondo. Mgonjwa akiwa karibu mno na mrija, kivuli chake kinakuwa kikubwa, mashine inadhani ni mtu mnene, na inamwagia mionzi ya mtu mnene. Akiwa mbali mno, inampunja na picha inatoka chenga, halafu anarudiwa. Sentimeta chache za kitanda kupanda au kushuka zinatosha. Mikono nayo iinuliwe juu ya kichwa. Ikiachwa ubavuni, mashine inailazimisha mionzi ipite kwenye mifupa ya mikono pia.

Hospitali itajuaje kama iko juu? Kwa kulinganisha. Unachukua wagonjwa wa kawaida wasiopungua ishirini wa kipimo kimoja, unaandika CTDIvol na DLP za kila mmoja, unatafuta namba ya katikati, kisha unaiweka kando ya kiwango cha rejea. Kiwango hicho hupatikana kwa kukusanya namba za kati za hospitali nyingi na kuchagua ile ambayo robo tatu za hospitali ziko chini yake. Mwongozo wa Ulaya wa 1999 uliweka DLP 650 kwa kifua. Marekani 2017 walifika 443 kwa kifua bila dawa, kwani mashine na watu vilibadilika. Kiwango cha rejea si adhabu, na hakipimwi kwa mgonjwa mmoja. Mtu mnene anaweza kukizidi na pasiwe na kosa. Ila namba ya kati ya hospitali nzima ikikaa juu yake mwezi hadi mwezi, kuna kirekebishi kilichoachwa juu. Kwa ukaguzi wa vifaa tuna bahati huku kaskazini: maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki ziko Njiro, hapo hapo Arusha, na mashine zote za mionzi nchini ziko chini ya leseni na ukaguzi wake. Lakini mkaguzi anakuja na kuondoka. Wagonjwa ishirini wanapita kila wiki, na daftari la kuwaandika halihitaji mkaguzi.

Turudi kwa baba na mwezi ujao. Muulize daktari anatafuta nini safari hii. Kama anafuatilia kinundu alichokiona, mwombe aandike hivyo kwenye fomu, "kufuatilia kinundu, bila dawa ya mshipa", kwa sababu radiografa humpangia mgonjwa kulingana na maneno yaliyo kwenye fomu, na fomu iliyoandikwa "CT kifua" tu humwacha akibahatisha. Kama wasiwasi ni kifua kikuu, kumbusha kuhusu makohozi. Kipimo cha makohozi kinaweza kumaliza swali bila mionzi yoyote. Kama ni kuangalia silikosisi inavyoendelea tu na hali yake haijabadilika, eksirei ya kawaida mara nyingi inatosha, na una haki ya kuuliza hilo kwa heshima.

Nenda na CD zote tatu. Usiende na majibu ya karatasi peke yake, hayo hayana picha. Kipimo kikubwa cha baba kilifuatiwa na kingine kwenye hospitali nyingine, na ninajiuliza kama wale wa pili waliwahi kuziona picha za kwanza. Zikifunguliwa kwenye kompyuta kabla hajalala kitandani, daktari wa radiolojia anaweza kusema kinundu hakijakua, na pengine miezi mingine sita ikapita bila kipimo.

Jambo la mwisho ni kikohozi chake. Mwambie radiografa mapema kwamba baba anakohoa. Mpe maji kidogo mkiwa bado nje, akohoe mpaka atulie, na afanye mazoezi ya kuvuta pumzi na kuizuia kama sekunde kumi. Fanyeni nyumbani kuanzia leo, umhesabie wewe. Akikohoa katikati ya picha, mapafu yanatikisika, picha inakuwa na ukungu, na watalazimika kumpiga upya.